Mzungumzaji Mzawa

Stephania Karekezi alipoamua kusoma shahada ya uzamivu, alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari moja huko Bugene kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa sasa walimu wenzake. Mpango wa masomo aliupanga mezani kwake pamoja na mumewe, Gideon, ambaye ni muuguzi. Kwanza angekaa Dar es Salaam kwa masomo ya darasani. Kisha angefanya mtihani wa jumla, aandike pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya jopo la idara. Akipita hapo hangekuwa mwanafunzi tu, angeitwa mtahiniwa wa uzamivu, na angeruhusiwa kurudi nyumbani kukusanya data.

"Kumbe kazi yote ni kufika kwenye hilo jopo," Gideon alisema. "Baada ya hapo unarudi kwangu."

"Narudi kwenye data."

"Na data inakaa wapi?"

"Karagwe."

"Basi ni yale yale, Mama Adventina."

Mada nayo aliichagua kwa kufikiria nyumbani. Alitaka kuchunguza toni katika vitenzi vya Runyambo, lugha ya Wanyambo wa Karagwe; toni ni namna sauti inavyopanda na kushuka ndani ya neno hata maana ikabadilika na herufi zikabaki zilezile. Msimamizi wake, Dokta Kokuhirwa, mwanamke wa Bukoba asiyependa maneno mengi, aliikubali mada hiyo siku ya kwanza. Masomo ya darasani yalikwenda vizuri. Mtihani wa jumla aliufaulu, ingawa alikonda. Akaandika pendekezo lake, na katika sura ya mbinu za utafiti akaweka sentensi hii: "Mtafiti ni mzungumzaji mzawa wa Runyambo, hivyo atatumia umilisi wake kuhakiki data."

Hakusita alipoiandika, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akiisema kwa maneno mengine. Alizaliwa Kamuli, wilayani Kyerwa, na wazazi waliohamia huko kutoka Rwanda katika ujana wao. Nyumbani jina lake lilikuwa Uwizeye. Stephania lilikuwa jina la ubatizo, ndilo lililokwenda shule. Kinyarwanda alikinyonya kwa mama yake, Mukakalisa. Runyambo aliipata mashambani na kisimani kwa watoto wa jirani, kabla hajalishika daftari, akaisema vizuri hata ukoo wa Gideon ulichelewa sana kumuuliza watu wake ni akina nani. Mama yake alikuwa amemfundisha mapema: "Wakikuuliza, sisi ni wa hapa, na tunasema kama wa hapa." Ilikuwapo miaka ambayo swali hilo halikuwa la lugha tu. Watu wenye mibuni mizee kuliko watoto wao waliambiwa warudi walikotoka. Familia ya Karekezi ilikuwa na vyeti vyake, ikabaki. Lakini hofu haisomi vyeti.

Siku ya kutetea pendekezo, chumba cha mikutano cha idara kilikuwa na joto, na feni ilikuwa ikigeuza joto lilelile. Stephania alieleza mada yake vizuri. Maswali ya kwanza aliyajibu bila kutazama karatasi. Kisha zamu ikafika kwa Profesa Kaijage, mzee wa sauti ya chini, mzaliwa wa Karagwe, ambaye alikuwa ameandika juu ya Runyambo kabla wengi chumbani humo hawajajua kuwa ipo. Alimwomba Stephania asome orodha yake ya vitenzi kwa sauti. Alisoma. Profesa akafumba macho.

"Hicho cha nne. Rudia."

Alirudia.

"Ndani ya sentensi."

Akakitia ndani ya sentensi. Profesa alifumbua macho, akaonekana kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kuumiza.

"Umeandika hapa kwamba wewe ni mzungumzaji mzawa."

"Nimezaliwa Kamuli, Profesa."

"Sijauliza ulikozaliwa, mama. Wala siulizi kabila, hilo si kazi yetu. Nauliza sikio lako limelelewa na nini, maana toni zote utazipima kwa sikio hilo. Hebu niambie: nyumbani kwenu, mama yako akikasirika, alikuwa akigomba kwa lugha gani?"

Wajumbe wawili walicheka kidogo. Lilikuwa swali lake la siku zote. Wanafunzi waliomtangulia walikuwa wamelijibu kwa tabasamu.

Jibu lilikuwa tayari kinywani: Runyambo. Tena lilikuwa la kweli. Mama hakuwahi kumgombeza kwa lugha nyingine. Lakini Stephania alijua kwamba akilisema, ukweli huo ungekwenda kuutolea ushahidi uongo. Alishika ukingo wa meza. Mwenyekiti akamuuliza kama angependa maji.

Pendekezo lilirudishwa. Jopo liliandika kwamba mtafiti abainishe upya nafasi yake katika utafiti na athari zake kwa mada yenyewe, kisha aje tena muhula unaofuata.

Dokta Kokuhirwa alimngoja ofisini, mlango wazi.

"Kaa."

"Samahani, Daktari. Nimekuaibisha."

"Hukuniaibisha. Mimi nina lugha tatu na zote nazikosea." Alisukuma pendekezo upande wa Stephania, kidole kikiwa juu ya ile sentensi. "Sina ugomvi na lugha yako. Nina ugomvi na hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuona kama ni uongo."

"Sasa unaonaje?"

Stephania aliisoma tena ile sentensi, akasema, "Naona kama nimeandika kitu alichokiandika mama."

Dokta aliegemea kiti chake. Alimwambia kwamba njia zilikuwapo. Angeweza kubaki na toni na kuwatumia wazungumzaji wengine wahakiki. Angeweza kugeukia Kinyarwanda kinachosemwa Kagera, ambacho watu wachache wamekiandikia. "Hicho hakuna atakayekuuliza sikio. Nenda nyumbani kwanza. Ila usirudi na mada ya kunifurahisha mimi."

Alirudi Bugene, akalala siku mbili kama mgonjwa, na Gideon hakumsumbua kwa maswali. Siku ya tatu alipanda bodaboda hadi Kayanga, akapata gari la kwenda Kyerwa.

Kamuli ilikuwa katika msimu wa kahawa. Mukakalisa alikuwa ameinama uani, akigeuza buni kwenye mikeka kwa viganja, khanga mbili kiunoni. Alikuwa mjane sasa, na kibanja cha migomba na mibuni alikishughulikia mwenyewe kwa msaada wa vibarua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Uwizeye. Umekonda. Huko chuoni hawali ndizi?"

Walikula ndizi na maharage, wakazungumza juu ya wajukuu na mvua. Stephania alimweleza yote baada ya kula, kwa Kinyarwanda, kwa sauti ile ya ndani ya nyumba. Mama alisikiliza, akiitazama miguu yake. Stephania alipofika kwenye wazo la kuandika juu ya Kinyarwanda cha Kagera, mama aliinua mkono.

"Hapana."

"Mama, sijamaliza."

"Nimeshasikia. Utakwenda nyumba kwa nyumba, uandike: hapa wanasema hivi, pale wanasema hivi. Halafu kitabu kikae Dar es Salaam, asomaye asome. Mimi nimekaa hapa miaka yote hii nikiwafundisha ninyi kufunika, na wewe unasoma mpaka mwisho wa masomo ili uje kufunua?"

"Majina tutayaficha. Ndiyo sheria ya utafiti."

"Utaficha jina. Sauti utaificha wapi?"

Stephania alijaribu upande mwingine. Alimsimulia swali la Profesa Kaijage. Alitegemea mama angecheka, maana lilikuwa swali la kuchekesha. Mukakalisa hakucheka.

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Ulikuwa ukitugombeza kwa Runyambo, mama. Mimi, Mahoro, watoto wako sote. Hata wewe na baba mkigombana. Sijui kwa nini sikuwahi kujiuliza."

Mama alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Mtu akikasirika anapiga kelele," alisema. "Ningepiga kelele kwa lugha gani, na barabara iko pale?"

Stephania aliitazama barabara. Ilipita karibu kabisa na uzio wa migomba. Alikumbuka nyumba yao ya zamani, jinsi nyimbo za kubembeleza, sala, hadithi, na hata maneno ya baba alipokuwa akikata roho, vyote vya Kinyarwanda, vilivyosemwa kwa sauti ya chini. Hasira, vicheko vikubwa, kuita kuku na kuita watu shambani, vyote vilikuwa Runyambo. Alikuwa amekua akidhani ndivyo lugha hizo zilivyo, moja ya upole na nyingine ya nguvu. Kumbe nguvu na upole vilipangwa na woga wa mwanamke mmoja. Machozi yalimlenga, na nyuma ya machozi hayo, jambo alilolionea haya baadaye, akili yake ya mtafiti ilikuwa imeamka na kukaa wima.

"Mama, hilo ndilo," alisema. "Hilo hakuna aliyeliandika. Si Kinyarwanda peke yake, si Runyambo peke yake. Ni namna nyumba moja inavyogawa lugha zake, ipi isemwe wapi, kwa sauti gani."

"Andika za wengine," mama alisema. "Yangu usiandike."

Jioni hiyo alikuja Benadeta, jirani wa upande wa juu, Mnyambo, aliyekuwa amekaa uzio kwa uzio na Mukakalisa tangu watoto wao wakiwa migongoni. Alileta mkungu wa ndizi kwa ajili ya mgeni. Walimsalimu, wakampa kigoda. Kwa kuwa kila mtu kijijini alijua kwamba Stephania anasomea jambo kubwa, Benadeta aliuliza linaendeleaje. Stephania, akichagua maneno, alisema amerudishwa kidogo, kuna jambo la lugha hakulieleza sawasawa.

"Lugha ipi?" Benadeta aliuliza. "Ile yenu ya ndani?"

Kijiko kilisimama mkononi mwa Mukakalisa.

"Ipi ya ndani?" alisema kwa Runyambo, kwa sauti kubwa.

"Mawe!" Benadeta alimaka kwa Runyambo, kama mtu anayemwita mama yake. "Mukakalisa, hebu. Nimekaa hapo juu umri wangu wote. Usiku ukiwa hauna upepo nakusikia ukisali. Mama yangu mzazi alikuwa akituambia, msiwaulize wale watu habari ya lugha yao, wanaogopa. Basi hatukuuliza. Kuna sala yako moja naijua mpaka mwisho, ingawa sijui inasema nini."

Mukakalisa aliinuka, akatoka uani kufunika kahawa, ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Benadeta aligeuka kumtazama Stephania, uso umemwiva.

"Nimekosea, waitu?" aliuliza, kwa neno la upole la Runyambo.

"Sijui, mama mdogo," Stephania alisema. "Kwa kweli sijui."

Aliendelea kukaa Kamuli hadi kahawa ile ilipokauka. Mama yake hakuligusa jambo hilo, ila aligombana na kibarua, akagombana na jogoo, na siku moja wakiwa wanachambua buni alisema ghafla, "Miaka yote ile. Na mimi nikijibana kifua."

"Sasa si unaona, mama? Walijua, na hakuna lililotokea."

"Benadeta alijua. Benadeta si serikali." Aliitupa buni mbovu pembeni. "Wewe unadhani kwa kuwa hakuna lililotokea, hapakuwa na kitu cha kuogopa. Umesoma, Uwizeye, lakini hapo hujasoma vizuri."

Stephania alimwomba tena mara moja tu, siku ya kuondoka, kwa heshima na kwa maelezo yote anayopaswa kupewa mtu anayeombwa kushiriki utafiti. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema hapana, akamfungia mkungu wa ndizi.

Aliandika upya kutoka mwanzo. Toni aliiacha, na ilimuuma kuiacha, maana alikuwa ameipenda. Mada mpya ilihusu kaya zinazotumia zaidi ya lugha moja katika kata za Kamuli na Nyakasimbi: nani anasema nini, kwa nani, akiwa wapi, na ni nani aliyeamua hivyo. Dokta Kokuhirwa alisoma rasimu ya kwanza, akaandika pembeni, "Sasa naona mtu." Rasimu iliyofuata aliikatakata kama majani ya ng'ombe. Kwenye sura ya mbinu, mahali palipokuwa na ile sentensi ya kwanza, Stephania aliandika kwamba mtafiti amelelewa katika kaya ya Kinyarwanda iliyozungukwa na Runyambo, kwamba anazisema lugha zote mbili, na kwamba hatajifanya kipimo cha yoyote kati yake. Juu yake mwenyewe alijiona ana haki ya kusema. Zaidi ya hapo hakuongeza neno.

Jopo lilikutana tena katika chumba kilekile. Safari hii Profesa Kaijage hakumwomba asome orodha.

"Kaya yako mwenyewe haimo katika sampuli," alisema. "Kwa nini? Wewe una mlango ambao wengine hawana."

"Nilimwomba mama. Amekataa."

"Ulimweleza kwamba majina hayatatajwa?"

"Nilimweleza, Profesa. Aliniuliza sauti nitaificha wapi."

Profesa aliandika kitu. Mjumbe mwingine, mwanamume kijana mwenye miwani, aliingilia. "Lakini tuseme ukweli. Nadharia yako hii ya hasira na upole, ya lugha ya sauti kubwa na lugha ya sauti ndogo, haikutoka vitabuni. Nimepitia marejeo yako. Imetoka mahali. Imetoka wapi?"

"Safari iliyopita niliulizwa swali juu ya mama yangu," Stephania alisema. "Sikulijibu kwa sababu niliogopa. Leo siogopi, ila sitalijibu, kwa sababu jibu si langu peke yangu. Nadharia itasimama au kuanguka kwa kaya zitakazokubali kunipokea. Zikionyesha vinginevyo, nitaandika vinginevyo."

"Hiyo ni sayansi ya namna gani, mtafiti anajua jambo na hasemi?"

"Ndiyo niliyo nayo, Daktari."

Walimtoa nje ili wajadiliane. Alisimama kwenye veranda, akasikia sauti zikipanda na kushuka nyuma ya mlango, na ya Dokta Kokuhirwa mara moja tu. Walipomwita ndani, mwenyekiti alisoma uamuzi: pendekezo limepita, kwa masharti ya marekebisho, na mmoja wa wajumbe ameomba shaka yake iandikwe katika kumbukumbu. Kuanzia siku hiyo alikuwa mtahiniwa wa uzamivu. Walimpa mikono. Yule kijana mwenye miwani naye alimpa mkono, akasema, "Bado sikubaliani na wewe," na Stephania akajikuta anampenda kwa hilo.

Alimpigia Gideon, akapiga kelele, Gideon naye akapiga kelele wodini hadi mgonjwa mmoja akauliza nani amejifungua. Kisha alimpigia mama.

"Kwa hiyo umemaliza," Mukakalisa alisema.

"Hapana, mama. Nimeruhusiwa kuanza."

"Miaka yote hii, ndio unaanza?"

"Ndio naanza."

"Haya. Watoto atakaa nao nani ukiwa unazunguka huko Nyakasimbi?"

Hivyo ndivyo Mukakalisa alivyohamia Bugene kwa muda, akaiacha kahawa yake mikononi mwa Benadeta. Asubuhi Stephania alikwenda Nyakasimbi kwa pikipiki, akaketi kwenye nyua za watu, akaomba, akakubaliwa mahali pengine, pengine akafukuzwa kwa upole, pengine akakaribishwa uji na kunyimwa maneno. Kaya za kwanza hazikufanana kabisa na kwao. Kwa mama mmoja mambo yalikuwa kinyume: Kirundi ndicho kilichokuwa cha kugombeza, kwa makusudi, ili majirani wasijue anamgombeza nani. Stephania aliandika hivyo hivyo, akacheka njiani peke yake.

Jumamosi moja alikuwa sebuleni akisikiliza mahojiano ya wiki. Mama yake aliingia na bakuli la senene waliokaangwa, akaketi, akakitazama kile kinasa sauti kidogo mezani.

"Hicho kinasikia sasa hivi?"

"Nimekizima, mama."

"Una hakika?"

Stephania alikichukua, akakitoa betri, akaziweka mkononi mwa mama yake. Mukakalisa alizifumbata, kisha akaanza kusimulia, kwa Kinyarwanda, siku ya kwanza alipokwenda kuchota maji Kamuli akiwa bibi arusi, asijue hata neno la kuombea njia. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, dirisha likiwa wazi. Alimwigiza aliyemcheka na aliyemtwisha mtungi, akaeleza alivyoshika neno lake la kwanza la Runyambo na kwenda nalo nyumbani akilirudiarudia ili lisimpotee. Yalikuwa maelezo ambayo mtafiti yeyote angeyatafuta maisha yake yote. Vidole vya Stephania vilitaka kalamu. Aliviweka kwenye bakuli, akala senene, akasikiliza.

"Endelea, mama," alisema.